Maharage ya Mama kwenye Friza ya Kaka

Kaka yangu alimwambia mama kwamba maharage yake yalikuwa mabovu tangu shambani. Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha mama, mlangoni mwa nyumba ya mama kule Buswelu, akinywa uji wa mama. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Nilijua ni uongo, kwa sababu yale maharage niliyavuna pamoja na mama kwa mikono yangu, na yaliharibikia ndani ya nyumba yangu, macho yangu yakiona. Nikanyamaza. Hasira niliyonayo hadi leo, nusu yake ni ya kaka na nusu ni yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati viwanda vya serikali vikifungwa kimoja baada ya kingine. Kaka alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapa Mwanza. Waliambiwa kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, na kabla mwekezaji hajaonekana, yeye na wenzake wakapunguzwa. Akapewa kiinua mgongo na barua ya kumshukuru. Wifi yangu akachukua watoto akavuka nao ziwa pale Busisi kwenda kwao Sengerema, mpaka mume wake apate pa kuanzia. Kaka akaja kwangu Igoma. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye umeme kando ya barabara ya Musoma. Alikuja na begi moja la nguo na friza.

Friza ilikuwa mtumba kutoka Uarabuni, nyeupe, ndefu, mtu mzima angeweza kulala ndani akanyoosha miguu. Ili iingie ilibidi tung'oe mlango. Kochi langu, ambalo nilikuwa nimelilipia kidogo kidogo kwa mwaka mzima, likahamia barazani na likanyeshewa na mvua wiki hiyohiyo. Kaka hakuliangalia. Alichomeka waya ukutani, friza ikanguruma, akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe aliyemnunua mnadani.

"Hii ndiyo kazi yangu sasa," akasema. "Siku hizi ni biashara huria, mdogo wangu. Kila mtu ajitafutie."

Kwa miezi kadhaa aliuza barafu za vifuko na maji ya baridi, kama nyumba nyingine tano za mtaani kwetu. Halafu akakutana na mama mmoja mwenye hoteli kule mjini, karibu na bandari. Hoteli yake ilikuwa imeanza kupata wageni wa kutoka nje, marubani wa ndege zilizokuwa zikibeba samaki, na mafundi wa mitambo ya viwanda vya samaki. Wageni hao walitaka mboga kwenye sahani zao mwaka mzima. Wakati wa masika hiyo haikuwa shida. Kiangazi kikikolea, maharage machanga, yale yanayoliwa pamoja na ganda lake, yalikuwa yakipotea sokoni, na yakipatikana ni makavu yana nyuzi. Yule mama alimwambia kaka kwamba akimletea maharage na karoti za kugandishwa mwezi wa nane, atachukua zote.

Mama yetu alikuwa na bonde. Alibaki peke yake Buswelu baada ya baba kufariki, na kando ya kijito alilima maharage, karoti, hoho, kunde na mchicha. Wakati wa masika mboga zilikuwa nyingi kuliko midomo. Alizibeba hadi sokoni, akakuta kila mwanamke wa bonde lile amebeba hizohizo, akarudi nazo jioni zimenyauka, akampa ndama. Majani ya kunde aliyachemsha akayaanika juani yakawa nsansa, na nsansa hukaa miezi. Lakini maharage machanga huwezi kuyaanika. Kwa hiyo kaka alipomweleza habari ya friza, mama alipiga makofi taratibu mara tatu, kama anavyofanya akisikia habari za mtoto aliyezaliwa salama.

Tulivuna Jumamosi. Mimi na mama tuliingia bondeni umande ukiwa bado, tukachagua yale membamba yanayovunjika kwa mlio. Saa tatu tulikuwa na magunia matatu. Kaka alifika na pikapu ya kuazima saa saba mchana. Magunia yalikuwa yamekaa juani yakiwa yamefungwa, na ukiingiza mkono ndani unasikia joto kama la kuku anayeatamia. Nikamwambia. Akasema friza itayapoza.

Nyumbani aliyaosha kwa kuyamwagia ndoo ya maji, akayajaza kwenye mifuko mikubwa ya plastiki yakiwa yanachuruzika, akaipanga mifuko ndani ya friza, akaikandamiza kwa magoti ili mfuniko ufunge. Nilisimama nyuma yake.

"Kaka, hayo hayatapata baridi yote kwa pamoja. Ya katikati yatakaa na joto."

"Wewe fundisha hesabu," akasema bila kugeuka. "Mitambo niachie mimi."

Siku ya tatu niliingiza mkono katikati ya ile mifuko. Bado ilikuwa laini. Ilikuwa wakati wa mgao wa umeme pia, siku nyingine tunapata saa sita tu. Nikafunga mfuniko na sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nifundishe hesabu.

Mwezi wa nane alipeleka mfuko wa kwanza hotelini, nikamsindikiza kwa sababu alitaka mtu wa kubeba mwingine. Yule mama mwenye hoteli akachukua maharage kiasi, akayachemsha mbele yetu. Yalitoka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Aliinua moja kwa uma, likainama pande zote mbili, likadondoka lenyewe. Hakutukana. Alimpa kaka ule uma, kama vile anamwambia aonje mwenyewe, akarudi kwa wageni wake.

Kaka aliyamwaga yote nyuma ya nyumba yangu. Harufu ilikaa wiki mbili. Jumapili iliyofuata tukaenda Buswelu, na ndipo alipokaa kwenye kile kiti akasema maharage yalikuwa mabovu tangu shambani.

Mama alifikiri kidogo. "Labda ni ile mbegu," akasema. "Imezeeka."

"Inawezekana," kaka akajibu. "Mbegu za zamani hazina nguvu."

Mbegu ile mama aliitunza kwenye kibuyu, imechanganywa na majivu, kila msimu akirudisha mpya humo. Alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, kuliko kaka. Wiki ile mama aliimwaga yote kwa kuku. Nilipokuja tena nilikuta kibuyu kimeoshwa kimewekwa juani kikauke, na akaniambia kwa furaha kwamba amepata mbegu ya dukani, ya pakiti, ina picha. Nilikitazama kile kibuyu. Bado ningeweza kusema. Nikamsifia pakiti.

Nilianza kuuliza watu. Nilimuuliza mwalimu mwenzangu wa sayansi kimu, akanijibu kwamba kitabu chake kinazungumzia friji lakini shule haina friji, kwa hiyo ile sura huwa wanairuka. Aliyenisaidia alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa makamo kutoka upande wa Musoma, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, kitengo cha minofu. Alikuwa akirudi saa kumi jioni vidole vimekunjamana kwa maji, ananuka dawa ya kusafishia sakafu. Kiwandani anakata minofu ya sangara ikapandishwe ndege. Nyumbani anapika mifupa yenye vichwa aliyonunua kwenye geti la kiwanda hichohicho. Nilimheshimu, namwita dada, na yeye kwa heshima ya kazi yangu alikuwa akiniita mwalimu.

Nilimsimulia habari ya maharage nikiwa nimejikaza nisipandishe sauti. Alisikiliza akiwa anakwangua kichwa cha samaki.

"Mlirundika," akasema.

"Tulirundika."

"Basi. Pale kwetu ukirundika minofu unafukuzwa siku hiyohiyo. Inapangwa kwenye trei, mmoja mmoja, haigusani, inaingia kwenye baridi kali, inaganda haraka. Barafu ikija haraka inakuwa ndogondogo kama unga. Ikija polepole inakuwa kubwa, ina ncha. Inachana nyama kwa ndani. Ukiyeyusha, maji yote yanatoka, inabaki pamba."

"Na mboga ni vilevile?"

"Mboga ina maji kuliko samaki, mwalimu. Itakuwaje tofauti?" Akaweka kisu chini. "Lakini mboga ina jambo lingine. Mke wa bosi mmoja pale niliwahi kumsaidia jikoni kwake. Alikuwa anaichovya kwanza kwenye maji yanayochemka, dakika chache tu, halafu papo hapo kwenye maji ya barafu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mboga ikikatwa bado inaishi, inaendelea kuzeeka hata ndani ya friza. Yale maji ya moto yanaiua."

Nilianza wiki hiyohiyo, maana mvua za vuli zilikuwa zimerudisha maharage machanga sokoni. Nilimwomba kaka kona moja ya friza yake, upana wa sinia moja. Alikubali kwa sababu nilikuwa nikimlipia umeme. Jirani yangu alikuja jioni, tukaketi uani na jiko la mkaa, sufuria kubwa, beseni la maji na vipande vya barafu tulivyonunua, na ndiyo, tulivinunua kutoka kwa kaka.

Mara ya kwanza niliyaacha maharage sana kwenye maji ya moto, yakaiva. Mara ya pili nilitia mengi kwa pamoja, maji yakaacha kuchemka, yakakaa yanaloa tu. Mara ya tatu nilitia konzi mbili mbili, maji yakitokota, nikahesabu polepole hadi mia moja na hamsini, nikayaopoa na kuyatumbukiza kwenye beseni la barafu. Rangi yake iligeuka kijani cha majani baada ya mvua. Jirani akanizuia nisishangilie.

"Sasa kausha."

Nikayatandaza juu ya khanga safi, nikayapangusa. Akayashika, akanionyesha kidole chake kilicholowa. "Bado. Maji ya nje nayo yanakuwa barafu." Nikapangusa tena, nikayaacha yapigwe na upepo wa ziwa unaopanda jioni. Kisha nikayapanga kwenye sinia, moja moja, hayagusani, nikayaingiza kwenye friza siku ambayo umeme ulikuwepo. Asubuhi yalikuwa magumu, yakigongana yanalia kama vijiti. Nikayatia kwenye mfuko mdogo, nikafunga mdomo wa mfuko kwenye mrija wa soda, nikavuta hewa yote kwa mdomo wangu hadi mfuko ukang'ang'ania maharage, nikaufunga. Umeme ukikatika, jirani alinifundisha, usifungue mfuniko hata kwa kuchungulia. Na nafasi ikibaki tupu, ijaze chupa za maji, zikiganda zitakutunzia baridi.

Nilisubiri wiki sita. Siku nilipoufungua ule mfuko sikuyayeyusha. Niliyatia kwenye mafuta ya moto yenye kitunguu yakiwa bado mawe, nikageuza mara chache, nikaepua. Nikala moja. Lilikuwa gumu kidogo kwenye meno, tamu, zima.

Jirani yangu alicheka akachukua sahani. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikiwa na hasira. Kwa sababu ilikuwa ni hivyo tu. Sufuria, maji ya baridi, kitambaa kikavu, sinia. Hakukuwa na mtambo hapo. Mtu angeuliza swali moja kwa mwanamke wa upande wa pili wa ukuta, na mama yangu angekuwa bado na mbegu yake. Kaka alikuwa amepishana na mwanamke yule kila asubuhi kwa mwaka mzima. Hakuwahi kumuuliza lolote zaidi ya kama anahitaji barafu.

Masika yaliyofuata nilikwenda Buswelu na mfuko mmoja kwenye kikapu, nimeufunga kwa magazeti na gunia. Nikampikia mama. Alitafuna polepole, akaangalia sahani, akaangalia nje bondeni ambako maharage ya mbegu ya pakiti yalikuwa yametoa maua.

"Haya ni ya lini?"

"Ya msimu uliopita. Niliyabakiza."

"Basi ya safari hii chukua yote," akasema.

Yalipofikia kuvunwa ilikuwa likizo ya shule. Nilifanya kazi siku tano. Nilivuna asubuhi kidogo kidogo, kile tu ninachoweza kumaliza siku hiyo. Nilikodi baiskeli ya kubeba hadi Igoma kabla jua halijawa kali. Jirani alipotoka kazini alinikuta nimeshaanza kuchovya, anafunga khanga kiunoni anaendelea na kukausha. Nilikuwa naingiza masinia mawili kwa siku, si zaidi, nikayahamishia kwenye mifuko kabla ya kuingiza mengine. Karoti nilizikata vipande vya ukubwa mmoja. Hoho sikuzichovya, hazihitaji. Mikono yangu ilibabuka kwa mvuke. Mwisho wa wiki friza ilikuwa imejaa robo tatu, mifuko imelala bapa kama madaftari, na kila mmoja nimeuandikia kwa kalamu ya wino mzito. Nilimwonyesha kaka. Alishika mfuko mmoja, akautikisa.

"Umejitahidi," akasema. "Nitakwenda kuongea na yule mama wa hoteli."

"Nimeshaongea naye mimi."

Hakupenda. Nilimwona hakupenda.

Shule ilipofunguliwa nilichaguliwa kwenda semina ya walimu Sengerema, wiki moja. Kabla ya kuondoka nilimwomba kaka mambo mawili. Asifungue friza ovyo, na asiingize kitu kingine humo. Akaniitikia kwa kichwa. Nilirudi kwa kivuko Jumamosi mchana, nimechoka, nina furaha, kwenye begi nina zawadi ya sabuni niliyomnunulia mama.

Nilipofungua mlango nikakuta maji sakafuni. Nikafungua friza. Juu ya mifuko yangu kulikuwa na sangara. Si mmoja. Walikuwa wamelazwa tabaka mbili, wakubwa, wenye magamba yao na utelezi wao, na wengine wamekunjwa mikia ili waenee. Kaka alikuwa amefanya mpango na mtu wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kumhifadhia samaki wake. Waliingia wakiwa na joto la jua, kilo kwa kilo, juu ya kazi yangu. Baridi yote ya friza ikawaendea wao. Nilipochomoa mfuko wa chini, maharage yalikuwa yameyeyuka yakaganda tena kwa pamoja, tofali moja la kijivu, na maji ya samaki yamepenya yakaganda nayo.

Kaka alikuwa barazani, kwenye kochi langu, na rafiki yake.

"Nani aliweka samaki?"

"Ni siku tatu tu, mdogo wangu. Wanaondoka kesho."

"Nilikuomba nini?"

"Tuliza sauti, kuna mgeni." Akatabasamu kwa yule mgeni. "Samaki ndiyo biashara ya mji huu. Mboga ni mboga. Na friza ni ya nani?"

Friza ilikuwa yake, ni kweli. Niliingia ndani, nikatoa sangara mmoja mmoja nikawapanga sakafuni, nikajaza ndoo mbili kwa yale matofali ya maharage na karoti, nikazitoa hadi barazani nikaziweka kati yake na mgeni wake.

"Unabeba moja, mimi nabeba moja," nikamwambia. "Tunakwenda kwa mama. Safari hii utamwambia ukweli."

"Umechanganyikiwa."

"Usipokuja nitakwenda peke yangu na nitasema yote, hadi ya mwaka jana."

Mgeni akaaga. Kaka alikaa kidogo, halafu akanyanyua ndoo. Nadhani alikuja kwa sababu aliamini akiwepo nitanyamaza, kama nilivyonyamaza mara ya kwanza.

Mama alikuwa anasonga ugali tulipofika. Tukamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia ndoo zinazodondosha maji. Kaka akaanza.

"Mama, huu umeme wa siku hizi..."

"Si umeme, mama," nikasema. "Aliweka samaki wa watu juu ya mboga zako."

Mama alimtazama. "Samaki wameuzwa?"

"Kesho, mama."

"Afadhali basi." Akarudi kwenye ugali. "Msigombane. Wewe una mshahara, mwenzako ameachishwa kazi. Mvumilie."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikuwa nimebabuka mikono kwa ajili yake, na yeye alikuwa anamtafutia kaka njia ya kutokea. Nikamuuliza, "Na wewe una nini, mama? Wewe una mshahara gani?" Akaendelea kusonga. Ndipo nikasema lile ambalo nilitakiwa kulisema mwaka mzima kabla.

"Mbegu yako ilikuwa nzima. Ile ya kwenye kibuyu. Maharage ya mwaka jana hayakuwa mabovu tangu shambani. Yalikaa juani, yakarundikwa yakiwa yameloa, yakaozea kwangu. Alikudanganya."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mama aligeuka taratibu.

"Ni kweli?" akamuuliza kaka.

Kaka aliangalia ndoo yake. "Mama, wakati ule nilikuwa na mambo mengi."

Mama alinitazama mimi, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Na wewe ulikuwepo," akasema. "Ulisimama hapo. Ukaniacha niwamwagie kuku."

Aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Ugali uliungua. Kaka aliondoka bila kuaga, nami nikabaki uani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nikamwaga ndoo zote mbili kwa ndama, akanusa, akakataa.

Jumatatu nilimwambia kaka aondoe friza nyumbani kwangu. Alisema nina roho mbaya, na ndugu wawili watatu walitumwa kuniambia hivyohivyo, kwamba namfukuza kaka yangu wa damu aliye kwenye shida. Niliwasikiliza wote nikiwa nimeshikilia mlango wazi. Friza ilipakiwa kwenye pikapu, kaka akaondoka nayo hadi mwaloni, na huko ilifanya kazi kwa mwaka na kitu kabla injini yake haijafa. Mimi nikarudisha kochi langu ndani, limevimba kwa maji, na nikalikalia hivyohivyo.

Na jirani yangu tulicheza upatu hadi tukapata friza ndogo, tukaiweka kwangu, ufunguo wa kufuli lake mmoja kwangu na mmoja kwake. Msimu uliofuata mama hakunipa maharage. Aliyapeleka sokoni yakarudi yamenyauka, akampa ndama, na mimi nikanunua kwa wanawake wengine wa bonde lile. Nilipita karibu na shamba la mama nikiwa na gunia la maharage ya jirani yake, ananiona, namwona, tunasalimiana. Yule mama wa hoteli alichukua yote mwezi wa nane na akataka mengine.

Ulipita mwaka mwingine hivyo. Halafu siku moja mama alishuka Igoma peke yake na kikapu cha karoti kichwani. Alikitua mlangoni.

"Nionyeshe," akasema.

Nikawasha jiko. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, alijua kwa kutazama povu la maji wakati wa kuopoa, na alinigombeza kwamba nakausha kwa kitambaa kilekile kilicholowa. Tulifanya kazi hadi alasiri. Habari ya mbegu hakuitaja, na mimi nilipofungua mdomo niitaje aliniomba nimpe sinia jingine.

Kaka naye alipata kazi ya ufundi kwa mwenye mabasi, akawarudisha wifi na watoto. Krismasi moja tulikutana wote Buswelu. Nilipika maharage ya kwenye friza, na mgeni mmoja wa kanisani akashangaa yametoka wapi kwenye kiangazi kile cha mvua kuchelewa. Kaka akajinyoosha kwenye kiti.

"Hilo wazo nililianzisha mimi," akasema. "Wakati watu bado wamelala."

Nilishika bakuli kwa nguvu. Kabla sijasema, mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake, "Hapana. Ni huyu. Wewe ulinipotezea mbegu yangu."

Kaka alicheka kidogo, hakuna aliyecheka naye. Nilikuwa nimesubiri maneno yale miaka, na nilidhani nikiyasikia kifua kitalegea. Hakikulegea. Kaka hajawahi kuniomba radhi hadi leo, na mama siku ile alimwongezea nyama kama kawaida. Nikanyanyuka nikaenda jikoni kuongeza maharage, maana watoto wa kaka walikuwa wamemaliza yao na walikuwa wakitaka mengine.